Anayesoma Kutoka Kulia

Dada yangu ana shingo iliyogeukia kushoto. Haijapinda sana. Ni kama mtu aliyeitwa na jirani, akaanza kugeuka, halafu akaishia hapo hapo. Kiwandani wanamwita Shingo Upande, na jina hilo nalichukia, kwa sababu katika watu wote ninaowajua yeye ndiye asiyejua kabisa kufanya kazi shingo upande. Kazi hiyo hiyo ndiyo iliyompa shingo hiyo, na ndiyo ninayotaka kuieleza.

Ni kiwanda cha maziwa, na yeye yuko chumba cha kupashia. Chumba kiko chini ya maabara, hakina dirisha, na mlango wake wa chuma sharti ufungwe muda wote ili vumbi lisiingie. Ukutani mbele yake kuna gurudumu la kufungulia mvuke, dogo kama sahani ya kulia. Nyuma yake, upande wa kushoto, kuna mashine ya zamani iliyofungwa ukutani. Ndani ya kioo chake karatasi ndefu inapita taratibu chini ya kalamu ya wino mwekundu. Maziwa yakipata joto kalamu inapanda, yakipoa inashuka. Kwenye karatasi umechapwa mstari wa bluu, na maziwa yakishuka chini ya mstari huo yanakuwa hayajaiva, mtoto akiyanywa anaweza kulazwa. Kazi ya dada ni kushika gurudumu kwa mkono wa kulia na kugeuza shingo kutazama kalamu, saa nane kwa siku. Amefanya hivyo miaka ishirini na miwili.

Hawezi kutoka ovyo. Akitaka kwenda msalani anabonyeza kengele, anasubiri fundi aje kumshikia, na fundi huja anapojisikia. Kwa hiyo dada alijizoeza kutokunywa maji mpaka mchana. Baba yetu alipozidiwa, habari zilimfikia chumbani saa tatu asubuhi, na mtu wa kumshikia gurudumu akapatikana saa saba. Baba hakumngoja. Hilo aliniambia mara moja tu, akiwa anakunja nguo, na hakulirudia.

Alikatiza masomo kidato cha pili, mama alipofariki, ili mimi nibaki darasani. Nikabaki, nikasoma, nikawa mwalimu, tena wa hesabu. Ukitaka kujua ni nani aliyemfungia dada yangu mle ndani, huna haja ya kwenda mbali.

Njia ya kutoka ilikuwepo, na ilikuwa ngazi kumi na nne tu. Juu, maabara ina madirisha makubwa yanayotazama uwanja wa magari na mti mmoja usio na faida yoyote. Wanaopima maziwa kule wanakaa kwenye viti vyenye migongo, wakitaka kusimama wanasimama. Meneja alikuwa radhi kumpandisha, maana dada anayajua maziwa kuliko wote. Lakini kanuni ya kiwanda inasema anayeingia maabara awe na cheti cha hesabu cha kidato cha nne, na awe hajafikisha miaka arobaini na mitano. Dada alikuwa na arobaini na minne. Mtihani ni mara moja kwa mwaka, Novemba, na yeye anatimiza miaka yake Juni. Alikuwa ameshaufanya mara mbili akafeli, na uliobaki ulikuwa mmoja.

Kilichomwangusha ni grafu. Hesabu nyingine alizimudu, na nyingine alizifanya kwa kichwa wakati mimi bado natafuta penseli. Grafu zenyewe alizichora safi, nukta kwa nukta. Alipoambiwa aeleze, wapi inapanda, wapi inashuka, mteremko ni chanya au hasi, hapo mambo yaliharibika. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alimwandikia kwa wino mwekundu: Mwanafunzi hajui tabia ya grafu. Mafundi wa kiwandani walipolisikia hilo walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu anayetazama grafu miaka ishirini na miwili!

Mimi nilikuwa nafundisha mbali, nikija likizo tu. Namkagulia daftari, naweka vema, naweka mkasi, napiga kelele, naondoka. Mwaka ule nilihamishiwa shule ya karibu, nikahamia kwake mwezi wa saba, nikaapa kwamba safari hii grafu zitamwingia hata kwa nyundo.

Hazikuingia. Kila Jumamosi tulikaa kwenye meza ya chakula, yeye na shingo yake, mimi na hasira zangu za karibu.

"Mstari huu unafanya nini, dada?"

"Unashuka."

"Unapanda! Huoni? Unapanda!"

"Basi unapanda."

"Usiseme basi. Sema kwa sababu unaona."

"Naona unashuka, mdogo wangu. Nikisema unapanda nakuwa nakuridhisha tu."

Siku moja nilimwambia ana kichwa kigumu. Nilimwambia hivyo dada aliyenibeba mgongoni. Alichukua kikombe changu akaenda kukiosha, kikiwa bado na chai.

Nilipata haya, na nadhani haya ndiyo yaliyonifanya nitulie na kufikiri. Jumamosi iliyofuata nilimchorea mistari kumi iliyonyooka, mingine ikipanda, mingine ikishuka, nikamwambia aandike tu jibu moja kwa kila mstari. Alikosa yote kumi. Nikakaa naitazama karatasi ile. Anayebahatisha hupata hata minne, mitano. Kukosa kumi kati ya kumi kunahitaji ujuzi.

"Dada," nikamwambia kwa sauti ya chini, "huu wa kwanza, nipitishie kidole. Anzia mstari unapoanzia."

Kidole chake kikatua kwenye ncha ya kulia. Kikateleza kwenda kushoto.

"Mbona unaanzia huku?"

Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini anatembea kwa miguu. "Si ndiko ulikoanzia? Kalamu iko huku kushoto. Ya sasa hivi iko kwenye kalamu. Kadiri unavyokwenda kulia ndivyo unavyorudi asubuhi."

Kumbe ile mashine yao inasukuma karatasi kwenda kulia. Kalamu haihami, imesimama kushoto, na wino ukishakauka unasafiri kuelekea kulia mpaka unajiviringisha kwenye roli. Kwa hiyo kulia ndiko kwa zamani, na kushoto ndiko kwa sasa. Dada alikuwa anasoma sawasawa kabisa, ila anasoma kutoka upande ambao grafu za vitabu vyetu vyote zinamalizia. Kilele alikiona kilele, bonde aliliona bonde, na lile umbo la bakuli ambalo walimu tunalipenda kupita kiasi, likisomwa kutoka kokote linashuka halafu linapanda. Ndiyo maana kila mara alipata nusu, na sisi wenye vyeti tukaona anakisia. Miaka miwili mizima nilikuwa natazama majibu yake na sikuwahi kutazama kidole chake.

Nilimkumbatia, nikamwomba radhi kwa maneno mengi kuliko aliyohitaji. Alicheka, akasema, "Sasa nifanyeje, mwalimu?"

"Rahisi. Anzia kushoto."

Nilisema rahisi. Ninawaambia wanafunzi wangu neno hilo kila siku, na tangu siku ile nalionea aibu.

Tulifanya mazoezi wiki tano. Niliweka alama ya rangi kwenye ukingo wa kushoto wa kila mchoro, nikamzoeza jicho lianze pale. Mwanzoni alitoka jasho kabisa, kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake. Halafu akazoea. Wiki ya tano alipata tisa kati ya kumi, na mimi nikawa natembea nyumbani naimba.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa alirudi kutoka kazini, akakaa kitini bila kuvua viatu. Hilo si la kawaida yake.

"Leo nimeona unapanda," akasema.

Sikuelewa.

"Niligeuka kutazama karatasi, nikaona joto linapanda, nikapunguza mvuke. Nilipogeuka tena kalamu iko kwenye bluu. Lilikuwa linashuka, mdogo wangu. Nimeanzia kushoto. Nimeanzia kushoto kama ulivyonifundisha."

Aliwahi kuvuta mpini wa kurudisha maziwa yapashwe upya, ila alichelewa kidogo, na kidogo hicho kilikuwa kimeshapita kuelekea kwenye pakiti. Hakuna aliyekuwa ameona. Angeweza kunyamaza. Alibonyeza kengele, akamwita meneja, akamwambia tangi lote limwagwe, na yeye mwenyewe akaandika kwenye kitabu cha zamu: Nimesoma vibaya. Katika miaka yote ile hakuwahi kuandika maneno hayo. Akapewa barua ya onyo, na mwishoni ilisema ikitokea tena asahau habari ya maabara.

"Siwezi kuwa na macho mawili," akasema. "Nikijifunza ya kwenu, nasahau ya kwangu. Maziwa yale wanakunywa watoto."

"Dada, umebaki mtihani mmoja tu."

"Najua."

"Ukiacha sasa utakaa mle ndani mpaka ustaafu."

"Najua, nimekwambia najua!" Alipandisha sauti, na dada huwa hapandishi sauti. Kisha akaitoa ile barua kwenye bahasha, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la sukari. "Nikisoma vizuri kazini nafeli mtihani. Nikisoma vizuri mtihani, naua mtoto wa mtu. Nionyeshe pa kupita nipite."

Mimi hodari wa kuonyesha njia za kutafuta jibu nikainuka nikamchemshia chai. Aliyafungia yale madaftari kabatini. Kwa wiki tatu hatukutaja grafu humo ndani. Asubuhi alitoka kwenda kwenye mlango wake wa chuma, jioni alirudi, akala, akalala. Mimi nilikuwa nikimtazama shingo tu.

Jumapili moja asubuhi nikiwa jikoni nikasikia ananiita. Alikuwa amekaa kitandani mbele ya kabati lake la nguo, lile lenye kioo kirefu mlangoni, nywele amezigawa nusu, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama. Alikuwa ametoa daftari ili kupata vibanio vilivyokuwa chini yake, na daftari likabaki mapajani, wazi, likitazama kioo.

"Njoo uone. Usiangalie daftari, angalia kioo."

Nikaangalia. Ulikuwa mchoro wenye mkunjo mmoja juu na mmoja chini, ule ninaouita wa nyoka. Kiooni nyoka alikuwa amegeuka, kichwa kikiwa palipokuwa mkia.

"Sasa nasoma ya kwangu," akasema, na kidole chake kikaanzia kulia kwenye kioo, kama alivyozoea. "Inapanda mpaka hapa. Halafu inashuka. Halafu inapanda tena mpaka mwisho. Ni sawa?"

Nikatazama daftari. Ilikuwa sawa neno kwa neno.

"Rudia na huu."

Akarudia. Akapata. Nikamgeuzia kurasa moja moja, michoro ishirini, akapata yote ishirini, na jicho lake halikubadili njia hata mara moja. Kulia kwenda kushoto, kama kazini. Kioo ndicho kilichofanya kazi ya kugeuza. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta, na nywele zile za nusu zilikaa hivyo hivyo mpaka mchana.

Akanunua kioo cha mfukoni. Mwezi uliobaki alisoma nacho mezani, akikisimamisha kwenye kopo la sukari, mahali pale pale ilipokuwa barua. Kazini hakukosea tena.

Siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka getini. Yaliyofuata alinisimulia yeye. Mlangoni msimamizi, kijana mwenye beji kubwa kuliko kifua chake, alimpekua, akakuta kioo.

"Hiki cha nini, mama?"

"Cha kusomea grafu."

"Hapa si saluni. Kalamu, rula na bikari tu."

"Mwanangu, nisikilize..."

"Kitakungoja hapa, mama. Ingia."

Akapewa kiti katikati ya chumba, feni juu, watu pande zote nne. Alifanya maswali mengine yote kwanza. Kisha akafika kwenye grafu, na anasema pale alijisikia yuko mle chumbani mwake, kasoro kengele ya kubonyeza. Mstari aliuona. Unashuka au unapanda? Jicho lake la kazi lilisema hivi, jicho la Jumamosi zetu likasema vile, na hakujua tena lipi ni lipi. Aliikaribia saa ya mwisho amekaa tu, kalamu mkononi, anabonyeza ncha yake kwenye karatasi ya maswali kwa hasira.

Akageuza karatasi ili aone kama ameitoboa. Nyuma hakukuwa na maandishi. Kulikuwa na kijipele pale alipobonyeza.

Basi akaigeuza tena. Akaufuata ule mchoro kwa kalamu, akikandamiza kwa nguvu zake zote, mwanzo hadi mwisho. Kwenye kilele akachoma kwa ncha ya bikari, na kwenye bonde vile vile. Kisha akalaza karatasi kifudifudi, akafumba macho, akapitisha kidole mgongoni mwake. Mstari ulikuwa umeinuka kama mshono wa nguo. Kidole kikaanzia kulia, kama kilivyozoea, kikapanda, kikakutana na tundu la kwanza, kikashuka, kikakutana na la pili, kikapanda. Akageuza, akasoma namba za matundu, akaandika.

Msimamizi alikuja akasimama juu yake. "Mama, unafanya nini?"

"Najibu swali."

"Umefumba macho."

"Kuna kanuni ya macho?"

Kanuni hiyo haikuwepo. Kijana akazunguka zunguka pale mpaka kengele ilipolia.

Februari majibu yakatoka. Alikuwa amefaulu, tena si kwa kuburuzwa. Nililia mimi. Yeye aliishika ile karatasi, akaniuliza, "Sasa ngazi zile zina mikono ya kushikia, au?"

Nilidhani yamekwisha. Nilisahau kwamba chumba kile hakimwachii mtu kirahisi.

Meneja alimpongeza, akampa mkono, akamwambia atapanda juu mara tu atakapopatikana wa kushika nafasi yake. Akaletwa kijana mwenye stashahada. Siku ya pili aliona joto linashuka, akafungua mvuke mpaka maziwa yakaungua na harufu ikajaa kiwanda kizima. Lilikuwa linapanda. Akaletwa mwingine mwenye cheti kizuri zaidi, naye akageuza kinyume. Machi akaja binti mmoja mpole, mwepesi wa kushika, na siku ya nne akapunguza mvuke wakati kalamu inaporomoka kuelekea bluu. Dada aliwahi kumshika mkono. Binti akalia, akasema ameona unapanda kwa macho yake mwenyewe, na alikuwa anasema kweli. Wote walikuwa wamefundishwa na watu kama mimi. Wote walianzia kushoto.

"Hatuna mtu kama wewe," meneja akamwambia dada. "Chumba hiki bila wewe hakiendi."

Alisema kwa nia njema, na dada alinieleza kwa sauti ile ile ya siku ya barua. Aprili ikaisha. Mei ikaingia. Juni anatimiza arobaini na mitano, na kanuni ni kanuni. Cheti kilikuwa ukutani sebuleni, kimewekwa fremu, na kila asubuhi alikipita akienda kwenye mlango wa chuma. Mimi nilitaka kwenda kumkaripia meneja. Dada alinikataza, akasema meneja hana kosa, kosa ni la karatasi kwenda kulia.

Halafu mkono wake ukaganda hewani, na kijiko.

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni nilikuta kabati lake halina mlango. Nguo zote zinanitazama. Alikuwa amefungua bawaba kwa bisibisi, akaufunga mlango kwa shuka, kioo na vyote, akaupeleka kiwandani kwa mkokoteni.

Nilikwenda kuona siku ya mwisho ya Mei, nikiwa na likizo. Meneja aliniruhusu, wakanivisha koti jeupe na kofia inayonifanya nionekane mpishi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia mle. Joto lilinipiga usoni, mlango ukafungwa nyuma yangu kwa kishindo, na nikataka kutoka saa hiyo hiyo. Ndipo nilipokumbuka: miaka ishirini na miwili.

Ule mlango wa kabati ulikuwa umepigiliwa ukutani, juu ya gurudumu la mvuke. Yule binti mpole alikuwa amekaa kwenye kigoda cha dada, mkono wa kulia kwenye gurudumu, anatazama mbele. Nyuma yake, kushoto, mashine ilikuwa inasukuma karatasi yake kwenda kulia kama kawaida. Ila kiooni ilikwenda kushoto, na mstari ulianza pale ambapo mistari yote ya binti yule ilikuwa imeanza tangu shule ya msingi.

"Inashuka, mama," binti akasema. "Taratibu."

Niliona mwili wa dada ukishtuka kutaka kugeuka kutazama kalamu. Alijizuia, akashika kingo za koti lake.

"Basi fungua. Si unaona mwenyewe?"

Binti akafungua mvuke robo mzunguko. Mstari ukalala, ukaanza kuinuka. Ilikuwa siku yake ya tisa hajakosea.

Nilitaka kupiga makofi, lakini nikamwona dada hatazami kioo wala kalamu. Alikuwa anamtazama binti shingoni. Shingo ilikuwa imenyooka. Binti hakuwa na haja ya kuigeuza, kwa sababu kila alichokihitaji kilikuwa mbele yake. Dada alisimama pale muda mrefu, na mkono wake ukapanda wenyewe ukagusa shingo yake, upande ule uliovutwa.

"Kumbe ingekuwa hivi tu," akasema. "Tangu mwanzo. Kioo tu."

Nilimshika kiwiko, tukatoka, tukapanda zile ngazi kumi na nne, na mikono ya kushikia ilikuwepo.

Mtu wa maabara alimwonyesha meza yake. Nzuri, safi, imesogezwa ukutani, na dirisha liko upande wa kulia. Dada akakaa kwenye kiti chenye mgongo. Akajaribu kutazama nje. Shingo ilifika katikati ikagoma, akabaki anatazama ukuta, uso umetulia, macho yamejaa.

Halafu akasimama, akapangusa uso kwa mkono wa koti, akashika pembe ya meza.

"Mdogo wangu, shika huko."

Tukaizungusha meza nzima, miguu yake ikilia sakafuni, watu wa maabara wakitutazama na chupa zao mikononi. Tukaiweka ielekee upande wa pili, dirisha likawa kushoto. Dada akavuta kiti, akakaa, na bila kugeuka akawa anatazama nje.